Siku Marehemu Alipopanda Fizi

Tangu nirudishe funguo za dispensari na lile koti jeupe, ambalo halikuwa jeupe tena, vijana niliowaacha kazini wamekuwa wakinijia nyumbani na swali moja: zamani mlifanyaje kazi bila gari, bila friji, hata glavu hamna? Nimewajibu kwa mdomo mpaka mke wangu akaniambia niandike, yeye apate kupumzika. Basi naandika. Vyeo sitavigusa, vilikuja kwa karatasi vikaenda kwa karatasi. Nataka kueleza kazi ya ukoma tuliyoifanya katika eneo la Fizi miaka ya hamsini, na habari za mtu mmoja tuliyemtibu ambaye watu wote walijua kwamba amekufa.

Nilifika Baraka kwa chombo cha mizigo kutoka Uvira, nimekaa juu ya magunia ya chumvi, nina cheti kipya na viatu vinavyobana. Ufukweni alinipokea mtu mrefu mwenye mvi, Munganga Daudi. Kwetu muuguzi na daktari wote huitwa munganga, ila daktari mwenyewe alikaa Fizi, kule milimani, akishuka kutuona mara moja moja. Sisi wawili ndio tuliokuwa timu ya kuzunguka: Baraka, vijiji vya pwani ya ziwa, na rasi yote ya Ubwari. Daudi aliniangalia viatu, akacheka, akanipa unyoya wa kuku.

"Hiyo ndiyo chombo yako ya kwanza," akasema. "Usiipoteze. Kuku bananiogopa."

Nilidhani ananitania. Kumbe ukoma huua hisi ya ngozi kabla haujafanya jambo jingine lolote, na hakuna kitu kinachopima hisi vizuri kama unyoya. Mgonjwa anafumba macho, unamgusa hapa na pale, naye anaonyesha kwa kidole mahali alipoguswa. Pale asipoonyesha, hapo pana neno. Kisha unapapasa nyuma ya kiwiko, mahali ambapo ukijigonga mkono mzima unakufa ganzi, utafute kama mshipa wa fahamu umenenepa kama kamba. Mwisho wembe: unachana kidogo ngozi ya ndewe ya sikio, unapaka ule utomvu kwenye kioo, unakipeleka Fizi kwenye darubini. Vijana, mna mashine siku hizi, lakini msidharau unyoya. Hauharibiki, na ukipotea unamfuata kuku mwingine.

Dawa ilikuwa jambo jingine. Nilipoanza tulikuwa tunadunga mafuta mazito ya mti, tunayapasha moto juu ya jiko la mafuta ya taa ili yapite kwenye sindano, na yalipita yakiunguza. Niliona watu wazima wakiruka dirisha. Sikuwalaumu. Yule aliyevimba mahali pa sindano aliambiwa avumilie, halafu baada ya mwaka mzima wa kuvumilia mabaka yake yako pale pale.

Lakini somo kubwa la Daudi halikuwa la dawa. Kabla ya kufungua sanduku, kabla ya kuuliza jina, alimpa kila mgonjwa mkono. Mkono mtupu, mbele ya watu, na aliushika muda wa salamu kamili: habari ya nyumba, ya watoto, ya shamba, ya ziwa. Niliona wazee wakilia kwa sababu ya mkono ule tu. Aliniambia, "Ugonjwa hii ni vigumu kuambukiza, we munganga unajua. Lakini bantu banaangalia mukono yako, habaangalii kitabu yako."

Nyumba ya kupanga niliipata upesi mno, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili. Ilikuwa ndani ya ua wa mvuvi mmoja, Wilondja, karibu kabisa na maji. Mtu mpana, mkimya, mwenye binti mmoja, Riziki, na mama mzee, Mama Nyasa, aliyekuwa na sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya ghuba. Mke wake alikuwa amefariki zamani. Chumba kizuri, ua umefagiliwa, samaki kila siku. Nilijiuliza kwa nini hakuna mtu aliyekuwa amekipanga. Jirani aliniambia siku ya pili, bila kuulizwa.

Wilondja alikuwa na mdogo wake, Alimasi. Zamani, wakati Riziki yuko bado mgongoni, ndugu hao walipigana ufukweni mbele ya watu kwa sababu ya wavu uliochanika. Maneno makali yalitoka. Kesho yake asubuhi mtumbwi wa Alimasi ulikutwa unaelea peke yake, na shati lake liko juu ya mawe. Yeye hakuonekana tena, mzima wala maiti. Ziwa letu lina desturi ya kurudisha watu wake. Alimasi halikumrudisha. Wengine wakasema mamba. Lakini wengi walisema mamba huyo ana miguu miwili na anaitwa Wilondja.

Hakuna aliyempeleka mahakamani, maana hapakuwa na maiti wala shahidi. Walimhukumu kwa njia ya kijiji. Akifika ufukweni na mtumbwi, watu wanasogea. Samaki wake wananunuliwa mwisho. Kwenye msiba wanampa kiti cha pembeni. Mama Nyasa peke yake ndiye aliyekataa hadithi yote. Alikataa kunyoa nywele, alikataa matanga. "Shati ile ilikunjwa," alikuwa akisema kwa yeyote aliyesimama karibu. "Muntu anakunja shati yake akisha kuuawa? Munionyeshe!" Watu waliona ni uchungu wa mama umempanda kichwani. Mimi mgeni nilikula samaki wa Wilondja na kuona ni mtu mwema, lakini sikujua lolote, na nilinyamaza.

Mwaka huo huo Daudi alinivusha Ubwari kwa mara ya kwanza. Kule vijiji vingi unavifikia kwa mtumbwi tu, na juu ya kimoja cha vijiji hivyo, nyuma ya mashamba ya muhogo, palikuwa na vibanda vya watu waliofukuzwa na watu wao. Wakoma. Walijilimia, walijipikia, na jamaa wenye huruma waliwaachia samaki njiani. Daudi alikuwa ameshazoeleka kwao. Aliwapa mkono mmoja mmoja, akaniambia nianze na unyoya.

Wa tatu au wa nne alikuwa mtu wa makamo aliyejiita Mashaka. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimejikunja kama kucha za ndege, na shavuni alikuwa na baka. Alikuwa mcheshi, ila kila akicheka alifunika mdomo kwa mkono. Alifumba macho, nikaanza. Alikuwa anaonyesha vizuri: bega, kifua, mkono wa kulia. Ili asiogope nilimpigia soga kama nilivyofundishwa.

"Mimi ni mgeni Baraka," nikamwambia. "Nimepanga kwa Wilondja, yule mvuvi. Mama yake ananipikia sombe mpaka nguo hazinitoshi."

Nikamgusa begani, pale pale alipokwisha kuonyesha. Kidole hakikuondoka. Nikamgusa tena. Bado. Nikamwita Daudi, nikamwambia bega limekufa ganzi. Daudi akachukua unyoya, akamgusa yeye mwenyewe, kidole kikaenda barabara. Mashaka akafumbua macho, hakutuangalia.

Tulipokuwa tunashuka kuelekea mtumbwini Daudi akasema taratibu, "Ile bega iko muzima. Ni masikio ndiyo ilienda fasi ingine. Ulimwambia nini?"

Nikamweleza. Tukausukuma mtumbwi mpaka majini. Halafu akasema neno ambalo nawaachia ninyi mliobaki kazini, liandikeni ukutani mkitaka: "Ugonjwa ni ya mugonjwa. Habari yake pia ni yake. Hatutaichukua tukaenda kuigawanya huko Baraka kama ndagala."

Safari iliyofuata Mashaka hakuwepo. Wenzake walisema amehamia juu zaidi, hataki sindano. Nami niliporudi nyumbani nilimuuliza Mama Nyasa, kwa njia ya kuzunguka, yule mwanawe alikuwa mtu wa namna gani. Akasema alikuwa mtu wa kucheka, lakini alipokuwa kijana kasia lilimvunja jino la mbele, na tangu hapo akicheka anajifunika mdomo. Nilikula sombe yangu, yale majani ya muhogo, nikiangalia chini.

Kubeba neno kama lile ndani ya nyumba ile ile ni kazi ambayo hakuna shule inayoifundisha. Wilondja ananipa samaki mzuri kuliko wote, anaenda kukaa peke yake; nami ninajua, au nadhani ninajua, lakini sina ruhusa. Na nikisema, halafu nikakuta Mashaka ni Mashaka kweli? Ningekuwa nimemuua Alimasi mara ya pili mbele ya mama yake.

Kisha vidonge vikaja. Vyeupe, vidogo, havina harufu, katika chupa ya rangi ya kahawia. Daktari alishuka kutoka Fizi mwenyewe kutufundisha: kidogo kidogo kwanza, usizidishe, angalia damu, usiache. Daudi alikishika kidonge kimoja kwenye kiganja akakiangalia muda mrefu. Alikuwa amedunga mafuta yale nusu ya maisha yake. "Kama hii inasema kweli," akasema, "mi nitaenda kubaomba radhi matako yote ya Fizi."

Ilisema kweli. Haikuwa ya haraka, la, na wengi walikata tamaa njiani tukawafuata milimani kuwarudisha. Lakini msimu baada ya msimu vidonda vilikauka, nyuso zilizovimba zikarudia sura zake, mabaka yakaanza kufifia. Watu walipoona hivyo, wale waliojificha juu walishuka. Mashaka naye akashuka. Alikaa mbele yangu kama vile hajawahi kuniona, akanyoosha mkono akapokea vidonge. Hakuuliza ninapanga kwa nani, nami sikumwambia. Alimeza kwa bidii kuliko wote, akawa ndiye anayewakumbusha wenzake. Miaka ikapita hivyo. Mwisho vioo vyake vilikwenda Fizi na kurudi safi, vikaenda tena vikarudi safi, mpaka daktari akaandika kwamba mtu huyu amepona. Vidole tu ndivyo vilivyobaki vimejikunja. Hivyo dawa haivinyooshi.

Katika miaka hiyo Riziki alikuwa msichana wa kuolewa. Akapata mchumba, kijana mvuvi wa Makobola, na kijana mwenyewe alimpenda kweli. Wazee wake wakaja Baraka. Waliketi, wakanywa, kisha mkubwa wao akasema wazi kwamba hawawezi kuoa katika nyumba yenye damu isiyosemwa. Damu iliyosemwa, iliyohukumiwa na kuoshwa, hiyo ina njia yake. Ile isiyosemwa inafuata watoto. Wakainuka wakaondoka, Riziki akajifungia ndani.

Asubuhi ya siku ya pili Wilondja alinikuta nachemsha sindano. Alikuwa amevaa suruali yake ya kanisani.

"Munganga Mudogo," akaniambia, ndivyo alivyoniita siku zote. "Mi napanda Fizi. Naenda kuambia Bwana Mukubwa ya serikali kama ni mi nilimuua Alimasi."

Sindano zikanitoka. "Ulimuua?"

"Mi sikumuua. Sijui hata alifikia wapi. Lakini miaka yote hii nilisema sikumuua, na iko nani alisadiki? Mama tu. Basi nikisema ndiyo, batanifunga, neno litakwisha, mutoto yangu ataolewa. Mi nimeshazeeka. Buloko si mbaya kuliko huku."

"Ngoja kwanza. Siku chache tu. Nakuomba, baba."

"Ngoja nini?"

Jibu nililokuwa nalo halikuwa langu. Aliniwekea mkono begani kama anayemtuliza mtoto, akatoka kwa njia ya nyuma ili mama yake asimwone.

Nilikimbia kwa Daudi. Alikuwa ananyoa ndevu. Povu lilikuwa limejaa upande mmoja wa uso, na upande huo hakuumaliza kunyoa siku hiyo. Nikamwambia yote. Nilidhani atanirudishia lile neno lake la siri. Alijifuta, akasema, "Siri iko na mwenyewe. Basi tumufuate mwenyewe. Twende."

Upepo wa kusini ulikuwa umeamka na wapiga makasia hawakutaka kuvuka. Daudi hakubishana nao. Aliingia mtumbwini akakaa, na mzee mwenye mvi akishakaa mtumbwini ni aibu kumwacha. Tulivuka tunateka maji kwa sufuria ya kuchemshia sindano, Daudi akiwa ameshika sanduku la dawa mapajani kama mtoto mchanga. Nilitapika mara nyingi. Naandika hili ili mjue kwamba ujasiri na tumbo ni vitu viwili mbalimbali.

Mashaka tulimkuta anafuma wavu mbele ya kibanda chake, akitumia vile vidole vilivyojikunja kama ndoano. Daudi alimpa mkono, akamsalimu salamu zote, hakuruka hata moja, nami nilikuwa nataka kulia kwa haraka. Kisha akaniambia, "Sema."

Nikasema: "Wilondja amepanda Fizi leo asubuhi. Anakwenda kusema kwamba alimuua mdogo wake."

Wavu ukaanguka. "Alimuua nani?"

"Alimasi."

"Lakini hakumuua!"

"Unajuaje?"

Akakaa chini, yeye mtu mzima, akafunika uso.

"Mi sikujua," akasema mwishowe. "Naapa mbele ya Mungu, mi sikujua kama banamushitaki. Nilifikiri batasema maji. Ju ya hiyo niliacha mutumbu na shati, bapate kusema ni maji."

Akatueleza. Alipokuwa mtoto, pale Baraka palikuwa na mwanamke aliyepata ukoma. Watu walichoma nyumba yake, na kaka zake walikatazwa kutia mitumbwi ufukweni mpaka wakahama. Siku ile ya ugomvi wa wavu, Alimasi alikuwa ameumia mkono kwa kamba, damu inatoka, wala hakusikia uchungu. Ndipo akatazama ngozi yake vizuri akaona mabaka. Alijua ni nini. "Nikabaki, batachoma nyumba ya mama. Wilondja hatavua tena. Nikafikiri, muntu moja apotee, bengine bapone." Aliondoka kabla hapajakucha, akafuata pwani kwa miguu mpaka shingo ya rasi, akapanda milimani. Shati alilikunja kwa mazoea tu, maana mama yake hakuvumilia nguo iliyotupwa.

"Twende Fizi," nikamwambia.

Akanyoosha mkono wake wa kushoto. "Na hii? Bakiona hii, itakuwa ile ile."

Daudi akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili. "Hii ni kovu, Alimasi. Kovu haiambukize. Dokta alisema umepona, na mi nasema umepona, na nitatembea pembeni yako nikisema hivyo mpaka sauti inikauke. Lakini ni weye utaamua. Ukisema hapana, tutarudi wawili, na hatutataja jina lako."

Alikuwa hajaitwa jina lile miaka yote hiyo. Niliona likimwingia. Akainuka, akanawa uso, akavaa nguo yake nzuri, akaaga wenzake. Mmoja wao, mwanamke asiye na vidole kabisa, akamwambia, "Uende na sisi bote." Hatukumwelewa vizuri wakati ule.

Upepo ulitulazimisha kulala Ubwari. Kesho yake jua lilikuwa limekwisha kupanda tulipotia Baraka, saa ile ambayo ufukwe mzima umejaa: wavuvi wanashuka, wanawake wanaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani, wachuuzi wanapiga kelele. Alimasi alitaka tushukie pembeni. Daudi akakataa. "Katikati," akawaambia wapiga makasia.

Mama Nyasa alikuwa ameinama juu ya ungo wake. Tangu jana alikuwa anamtafuta Wilondja na kumtukana kila mtu aliyedai hajamwona. Akainua kichwa kutuona, akaanza kunigombeza mimi, kisha akamwona mtu aliye nyuma yangu. Alimasi akacheka kile kicheko cha woga, mkono ukaenda mdomoni.

Mama akaushika ungo kwa mikono miwili akampiga nao kichwani. Ndagala zikaruka kila upande. Akampiga tena, na tena, bila neno, mpaka ungo ukatoboka. Ndipo akamvuta chini mchangani, akakaa naye, akaanza kupapasa uso wake, masikio, mabega, akafika kwenye vidole. Watu walikuwa wamekaribia. Walipoviona vidole wakarudi nyuma. Nilisikia neno lile likipita midomoni: mukoma, mukoma.

Mama Nyasa akasimama. Nimesema alikuwa na sauti. Siku hiyo ziwa lenyewe lilisikiliza.

"Muangalie!" akasema. "Muangalie muzuri! Mulimupa mutoto wangu mamba, mukamupa yaya yake Wilondja kisu! Mi sikukaa matanga! Nani alikaa matanga hapa? Atoke!"

Hakutoka mtu. Daudi akaeleza kwa utulivu habari ya dawa, ya vioo, ya daktari, akishika mkono wa Alimasi muda wote. Tulipomwambia mama kwamba Wilondja yuko Fizi na sababu yake, hakulia. Akajifunga kitenge upya. "Bote wawili nilibazaa mimi," akasema. "Sitabaki hapa."

Lori la pamba lilikuwa linapanda siku ile. Dereva hakutaka mgonjwa juu ya marobota yake. Mama Nyasa akazungumza naye kwa muda mfupi, na dereva akagundua kwamba nafasi ipo.

Kwenye baraza ya ofisi ya Fizi tulimkuta karani, kijana mwenye miwani, anatengeneza maneno ya Wilondja kuwa Kifaransa. Alimuuliza Daudi shida yetu.

"Iko juu ya Wilondja wa Baraka, mwenye kuua ndugu yake."

"Ninyi ni mashahidi?"

"Sisi wawili ni banganga. Ule ni mama yake. Na huyu," Daudi akamsogeza Alimasi mbele, "ni marehemu."

Karani alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaingia ndani haraka, na tukamsikia anaeleza, na kiti kinasukumwa. Mtawala, yule Bwana Mukubwa, akatoka mwenyewe, Mzungu mwekundu wa jua, akamwangalia Alimasi kutoka juu mpaka chini. Akaagiza Wilondja aletwe.

Walimleta kutoka buloko na kamba mikononi. Alitembea ameinamisha kichwa, mpaka akaona miguu ya mama yake. Akainua macho. Nimeona mengi katika kazi hii, watoto kuzaliwa na wakubwa kuzinduka, lakini uso ule sijauona tena. Hakupiga kelele. Alimwendea ndugu yake mpaka akasimama karibu kabisa, akatazama vidole, akaelewa yote bila kuambiwa.

"Ungeniambia," akasema. "Tungekimbia bote wawili."

Hapo ndipo Alimasi alipolia, na Wilondja akamkumbatia jinsi alivyoweza, mikono ikiwa bado imefungwa, mpaka askari mwenyewe akaifungua kamba bila kungoja amri.

Mtawala aliuliza, kupitia karani, kwa nini mtu huyu ameidanganya serikali kwamba ameua. Mama Nyasa hakungoja tafsiri imalizike. "Bwana Mukubwa, alisema kweli miaka yote, hakuna alimusadiki. Alisema uongo siku moja, mukamusadiki palepale. Sasa kosa iko ya nani?" Karani akatafsiri yote. Mtawala akageuka upande wa mlima kwa muda, mabega yanatikisika kwa kicheko. Aliporudisha uso ulikuwa umenyooka. Daktari akaja kutoka hospitali akathibitisha kwamba Alimasi amepona. Kesi ikafutwa pale pale barazani, na mtawala akampa Wilondja mkono, kisha Alimasi, mbele ya watu wote waliokuwa wanangoja mambo yao. Daudi aliuangalia mkono ule akatabasamu kama aliyeona kioo safi.

Tulishuka Baraka kwa lori lile lile, na sasa dereva ndiye aliyekuwa anapiga honi kila kijiji na kutangaza habari kuliko sisi. Njiani wanawake walitoka mashambani wakitupigia vigelegele. Ndugu wale walikuwa wamesimama mbele kwenye lori tupu, wameshikana, Wilondja anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti nene ambayo sikujua kwamba anayo. Jioni ile wazee waliokuwa wanasogea akipita walikuja uani mmoja mmoja na samaki. Wilondja alipokea samaki wote. Kiti alimpa yule tu aliyeomba radhi kwa mdomo.

Wazee wa Makobola walirudi kabla ya mvua. Harusi ilijaza fukwe mbili, na baba mdogo wa bibi harusi alicheza mpaka wapiga ngoma wakachoka.

Na kazi? Kazi ilianza hapo. Alimasi alikataa kurudi kuvua. Akaja kutembea nasi, anatangulia kijijini kabla yetu, anakaa na watu, anawaonyesha mkono wake na kuwaeleza. Ndipo nilipolielewa lile neno la yule mwanamke wa Ubwari asiye na vidole. Mimi na Daudi tulikuwa tumezunguka miaka tukiwatafuta watu mashimoni. Sasa tulihamisha meza. Tuliiweka sokoni Baraka, katikati, mchana kweupe. Asubuhi ya kwanza tulikaa mpaka soko likapamba moto, na hakuna aliyekuja. Watu walitupitia kama tunauza nyoka. Ndipo akaja mama mmoja kijana, mke wa mtu anayejulikana, ana beseni la nyanya kichwani na mtoto mgongoni. Akatua beseni. Daudi akasimama kumpa mkono, kisha akamwambia kwa sauti ndogo kwamba akipenda twende nyuma ya ukuta, asionekane.

Yule mama alikaa kwenye kiti, akakunja mkono wa nguo mpaka begani, baka likaonekana.

"Apana," akasema kwa nguvu. "Muniangalie hapa hapa. Banione bote."

Nilipoinua macho, nyuma yake palikuwa na mstari wa watu.